KARABAI AU LED? Jinsi ya kuchagua taa ya kuvulia dagaa bila kuunguza hela wala ngozi

Leo tuache siasa na bei ya dhahabu kidogo, tuongelee taa.

Kijana wa Geita, Katoro, Kahama au Shinyanga akipata vijisenti vya duarani, au akiuza mpunga vizuri, mara nyingi kuna mtu atamnong'oneza: "Weka kwenye dagaa, kule hela inazunguka." Basi anashuka mwaloni, Nkome, Nungwe au Chato, anatafuta mtumbwi. Mtumbwi anauliza mafundi. Nyavu anauliza wazee. Lakini taa ananunua kwa macho tu! Inayowaka kali ndiyo hiyohiyo, funga nipe. Miezi minne baadaye taa zimefifia, betri zimekufa, na karabai zimerudi ziwani na madumu yake ya mafuta.

Nitakachosema leo ni kifupi: usinunue mwanga, nunua USIKU. Yaani uliza taa hii, pamoja na betri yake na waya wake, itanigharimu shilingi ngapi kwa usiku mmoja, na je, mtu wangu atarudi asubuhi salama. Mengine yote ni maelezo ya hilo.

KWANI DAGAA WANAFUATA NINI KWENYE TAA?

Dagaa wa Ziwa Victoria (wenzetu Kenya wanamwita omena, Uganda mukene) mchana hukaa chini kwenye kina, usiku hupanda juu kula. Chakula chake ni viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, na anavitafuta kwa macho. Sasa ukiweka taa juu ya maji, vile viumbe vinakusanyika, dagaa naye anaona chakula, anakuja. Ndiyo maana wavuvi huingia ziwani kipindi cha giza na kupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa yako haina jipya.

Mambo haya si ya jana. Ziwa Tanganyika wazee walivua dagaa kwa moto wa kuni uliowashwa kwenye mtumbwi, wakichota kwa wavu wa lusenga. Karabai zilikuja baadaye, katikati ya karne ya 20, na huku kwetu Victoria uvuvi wa taa ulishika kasi baada ya hapo. Leo dagaa ndiye anayebeba zaidi ya nusu ya uzito wote wa samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria. Sangara anajulikana Ulaya, lakini mboga ya mama ntilie wa machimboni ni dagaa. Kwa hiyo tunaongelea sufuria ya kila mtu hapa kanda ya ziwa.

KARABAI: NZURI YAKE NA UBAYA WAKE

Tuwe wakweli, karabai siyo ya kudharau. Fundi anaijua, spea zipo kila duka, na ikizimika unapiga pampu inawaka tena. Haihitaji kuchajiwa.

Tatizo ni hesabu. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati ya karibu uniti 10 za umeme. Karabai inakunywa kama lita moja hadi moja na nusu kwa usiku mzima, na sehemu kubwa sana ya nishati hiyo inatoka kama JOTO. Mwanga ni kidogo mno. Kwa maneno mengine unanunua jiko, halafu unalitumia kama taa. LED nzuri kwa umeme uleule inatoa mwanga mara mia hivi zaidi ya karabai. Siyo mara mbili wala mara kumi.

Halafu bei. Wengi mnakumbuka bajeti ya mwaka 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa kutoka Sh 52 hadi Sh 400.30 kwa lita. Sababu iliyotolewa ilikuwa uchakachuaji: watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa kuwa ni rahisi. Tangu hapo mafuta ya taa hayajawa tena mafuta ya mnyonge, na mvuvi aliyekuwa hana habari na dizeli ya lori akabebeshwa mzigo.

Na usalama. Mafuta ya taa yakiingiliwa na petroli kidogo tu, karabai inageuka bomu la mkononi. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto kirahisi hata mafuta yakiwa baridi. Fikiria tenki lenye presha, mtu amechuchumaa kwenye mtumbwi unaoyumba, usiku, nguo imelowa mafuta. Ukiungua katikati ya ziwa hakuna zahanati. Na yale mafuta yanayomwagika chini ya mtumbwi yanawapa dagaa harufu, mnunuzi ananusa, anashusha bei.

HESABU YA USIKU MMOJA

Chukua karatasi. Hizi namba ni za mfano, wewe weka za mwalo wako.

Tuseme una karabai 4, kila moja inakula lita 1 kwa usiku, unavua usiku 20 kwa mwezi. Hiyo ni lita 80. Tuseme lita mwaloni ni Sh 3,000. Jumla Sh 240,000 kwa mwezi, bado hujanunua vile vifuko vyeupe vinavyowaka ndani, vioo, wala spea za pampu.

Sasa LED. Karabai nzuri inatoa mwanga wa kama lumeni 1,000 hivi, lakini inamwaga pande zote. Karibu nusu inakwenda juu mbinguni kuita wadudu na kuwapofusha wavuvi. LED unaielekeza chini yote. Kwa hiyo lumeni 600 zinazotazama maji zinafanya kazi ileile. LED ya kawaida inayofaa hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Ina maana wati 6 zinatosha kuanzia. Nimesema SITA, siyo hamsini.

Wati 6 kwa saa 10 ni wati-saa 60. Taa 4 ni wati-saa 240 kwa usiku. Ukijumlisha na upotevu wa kuchaji, ni kama theluthi moja ya uniti ya umeme. Theluthi ya uniti kwa lita nne za mafuta! Hapo hata anayetoza kuchaji betri mwaloni akupige bei ya kuruka, bado uko mbali na Sh 12,000 za mafuta kwa usiku.

Kwa hiyo LED imeshinda? Subiri kwanza, usikimbilie duka.

KINACHOKULA HELA NI BETRI

LED yenyewe ikiwa nzuri inakaa miaka. Betri ndiyo inayokufa, na ndiyo ghali kuliko vyote. Mtu akikwambia "nilijaribu LED zikanishinda", mara nyingi ukimchimba utakuta ni betri ndiyo iliyomshinda. Aina ni hizi:

1. Betri ya gari. Imetengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache, halafu injini inaijaza. Ukiinyonya usiku kucha mpaka iishe, inakufa ndani ya miezi michache. Halafu ina tindikali inayomwagika mtumbwi ukilala upande. Rahisi kununua, ghali kutumia.

2. Betri ya risasi iliyofungwa, ile ya sola isiyomwagika. Afadhali sana. Lakini sheria yake moja: usiinyonye kupita nusu. Taa ya wati 6 kwa saa 10 inahitaji ampea-saa 5 za volti 12, kwa hiyo nunua betri ya ampea-saa 10 au 12. Ukinunua ya 5 kwa kuwa "hesabu inatosha", umeinunulia kaburi.

3. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti (utaona imeandikwa LiFePO4). Bei ya dukani inauma. Lakini unaweza kuitumia hadi asilimia 80, ni nyepesi sana, na inachajiwa mara 2,000 na zaidi, wakati ya risasi inachoka kwenye mara 300 hadi 500. Kwa taa ileile, ya ampea-saa 7 inakutosha. Gawanya bei yake kwa idadi ya usiku itakaotumika utaona kichekesho: iliyo ghali dukani ndiyo rahisi ziwani. Hakikisha tu ina saketi ya ulinzi ndani na chaja yake yenyewe. Usiichaji kwa chaja ya betri ya gari.

4. Zile betri ndogo za duara zinazokaa kwenye tochi na taa za kichwani. Hapa ndugu zangu wa duarani mnahusika pia. Ukikuta betri ya saizi ya 18650 imeandikwa 9,900 mAh, weka chini uondoke. Betri za kweli za saizi hiyo kwa kawaida hazizidi kama 3,600 mAh. Mtu aliyedanganya kwenye maandishi amedanganya na ndani. Nyingi ni za zamani, zimetolewa kwenye kompyuta zilizokufa na kuvikwa plastiki mpya. Zikigongwa, zikitobolewa au zikichajiwa vibaya zinaweza kulipuka moto, na moto wa lithiamu si wa kuzima kwa blanketi.

Kama una mita ya fundi, betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika masaa kadhaa inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Chini ya 12 umeshaiumiza. Mita ndogo ni hela kidogo sana kulinganisha na betri moja, mnunue hata kwa kuchangishana watu watano.

WATI SIYO MWANGA, NA RANGI INA KAZI YAKE

Boksi likiandikwa "100W" na taa yenyewe ni nyepesi kama yai, hizo wati ni za kwenye boksi tu. LED inayotumia umeme mwingi kweli inapata moto, na lazima iwe na mgongo wa aluminiamu wa kutoa joto hilo. Ukiifungia kwenye kopo la plastiki lisilopumua, inafifia ndani ya wiki chache. Uliza LUMENI. Muuzaji akikutazama tu, pima umeme inaovuta kwa mita: volti zidisha kwa ampea, hizo ndizo wati za kweli.

Kuhusu rangi. Maji yanakula rangi kwa zamu. Nyekundu inakufa kwanza, ndani ya mita chache. Kwenye maji meupe kama Ziwa Tanganyika au baharini, bluu ndiyo inayozama mbali. Lakini Victoria si maji meupe. Tangu miaka ya 1980 ziwa letu limejaa mwani kwa sababu ya mbolea, udongo na maji machafu yanayoingia, na mwani unakula bluu. Kwenye maji ya kijani kama ya ghuba zetu, kinachopenya mbali zaidi ni kijani na njano. Kwa hiyo yule anayekuonyesha video ya wavuvi wa baharini na taa zao za bluu, hajakosea, ila yuko kwenye maji mengine. Taa nyeupe ya kawaida (kelvini 5,000 hadi 6,500) ina kijani cha kutosha, ipo madukani, na inatosha. Zile za zambarau zinazouzwa mtandaoni ni za kukuzia mimea, na watu wanazitumia pia kukuza mwani kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Acha waendelee nazo huko.

Muhimu kuliko rangi ni KOFIA. Weka kifuniko cheupe au cha bati linalong'aa juu ya taa ili mwanga wote ushuke chini wima. Mwanga unaopiga maji kwa mlalo unateleza juu yake kama jiwe bapa. Kofia ya elfu mbili inaweza kukuokolea wati tatu.

MAJI NA UMEME: USALAMA BILA MASIHARA

Angalia namba ya IP kwenye taa. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 inavumilia maji ya kurushwa. IP67 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. IP68 ni ya kukaa majini kabisa. Taa ya kwenye kielea ITAANGUKA majini, hilo siyo swali, kwa hiyo chukua IP67. Na kwa kuwa maandishi ni rahisi kuchapa, ijaribu mwenyewe: izamishe kwenye ndoo ikiwa imezimwa kwa nusu saa, itoe, ikaushe, angalia kama kuna ukungu ndani ya kioo. Halafu iwashe usiku mzima nyumbani. Yenye matatizo mengi itakuumbua humo humo ndani, siyo katikati ya ziwa.

Kaa kwenye volti 12. Jenereta ya volti 220 kwenye mtumbwi wenye maji miguuni ni kuomba msiba. Waya ukichubuka, mtu aliyelowa hana ujanja.

Lakini volti 12 nazo zisikudanganye. Hazitakurusha, ila betri ya risasi ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo, waya unakuwa mwekundu, mtumbwi wa mbao unashika. Dawa yake ni fyuzi ya ampea 2 kwa kila taa, karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Ni mia chache. Fundi akisema haina haja, tafuta fundi mwingine. Viungio visiwe vya kusokota na kufunga nailoni. Tumia soketi zenye mpira, paka grisi. Na kwa ndugu zetu wa pwani, Tanga, Unguja, Kilwa: maji chumvi yanapitisha umeme kuliko ya ziwa na yanakula shaba haraka, kwa hiyo suuzeni taa na soketi kwa maji baridi kila mkirudi.

Kuchaji: betri ya risasi ikichajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, cheche moja inailipua. Usichaji chumbani unakolala, wala karibu na jiko. Iweke kwenye kibanda chenye hewa.

Ukitaka paneli yako mwenyewe, kwa taa 4 za mfano wetu unahitaji wati-saa 240 kwa siku. Huku kwetu hesabu jua kali la saa 5 hivi. Paneli ya wati 80 hadi 100 pamoja na kontrola yake inatosha na masika inakusogeza. Usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri bila kontrola, utaikaanga.

Na betri ikifa, usiipasue! Vijana wanayeyusha risasi ya betri kutengeneza vizito vya nyavu, kwenye sufuria, watoto wakiwa pembeni. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hairudishiki. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za gari kilisumisha mtaa mzima, wakazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwanamke aliyeongoza vita hiyo, Phyllis Omido, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Fidia haifuti sumu mwilini. Betri mbovu rudisha dukani au muuzie mnunuzi wa chakavu ikiwa nzima.

MBIO ZA MWANGA

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo halisemwi mwaloni.

Kwa sababu LED ni rahisi kuwasha, jirani akiweka wati 6, mwingine anaweka 20, wa tatu anaweka 50. Kila mtu anataka kuvuta dagaa wa mwenzake. Kwa wiki moja mwenye taa kali anapata zaidi. Wiki ya pili wote wamenunua. Dagaa ziwani hawajaongezeka hata mmoja, kilichoongezeka ni deni la betri. Isitoshe, mwanga mkali karibu na ufukwe unakusanya na watoto wa sangara na sato, ambao wangekua wangekuwa hela ya mwakani.

Tusisahau ya wenzetu. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapumue. Miezi mitatu bila kazi. Hatutaki kufika huko kwa kushindana kuwasha taa.

Kwa hiyo kabla ya kununua, muone afisa uvuvi wa wilaya yako na viongozi wa BMU uulize nguvu ya taa na aina ya zana zinazoruhusiwa kwenye mwalo wenu KWA SASA, maana kanuni hubadilika. Taa ikitaifishwa siku ya kwanza, hesabu yote niliyokupa haina maana. Na BMU zinaweza kufanya jambo moja zuri: mwalo mzima kukubaliana kiwango kimoja. Mkikubaliana wati 6 au 10, kila mtu anabaki na hela mfukoni na dagaa ni walewale.

MASWALI YA VIJANA

*Sina mtaji wa kubadilisha zote. Nifanyeje?* Anza na mbili. Weka LED mbili na karabai mbili, andika kwenye daftari kila usiku: mafuta, kuchaji, ndoo za dagaa. Baada ya kipindi kimoja cha giza daftari litakushauri kuliko mimi.

*Je, kukodi?* Ni wazo zuri na limeshafanyika. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, chenye paneli za sola. Wavuvi walichukua taa na betri iliyojaa na kuirudisha kuchajiwa. Faida ya mtindo huo ni kwamba mzigo wa betri anaubeba mwenye kituo, siyo mvuvi. Kijana mwenye umeme au paneli pale Nkome au Muganza anaweza kufanya biashara hiyo bila hata kumiliki mtumbwi. Fikirieni.

*Mimi ni mvuvi tu, taa ni za tajiri. Faida yangu iko wapi?* Swali zuri kuliko yote. Kwenye mitumbwi mingi gharama ya mafuta inakatwa kwanza, kinachobaki ndiyo mgao. Mafuta yakiondoka, makato lazima yashuke. Tajiri ana haki ya kurudisha hela ya betri zake, sawa. Lakini mkubaliane mapema, kwa maandishi: atakata shilingi ngapi kwa usiku, mpaka lini. La sivyo utakuta mafuta hayanunuliwi tena, ila makato yako palepale.

*Taa zinaibiwa.* Kweli, na betri ndiyo inayotafutwa zaidi. Andika jina la mtumbwi kwa kuchoma kwenye plastiki ya taa na betri, ndani na nje. Haizuii mwizi, ila inamsumbua mnunuzi wake.

KWA KIFUPI, UKIINGIA DUKANI

- Lumeni 600 na kuendelea kwa taa, zielekee chini, na kofia juu.
- Taa nyeupe ya kawaida. Achana na zambarau, na bluu waachie wa Tanganyika na baharini.
- IP67, na jaribio la ndoo.
- Betri iliyofungwa ya ampea-saa 10 hadi 12 kwa kila taa, au lithiamu ya chuma na fosfeti ya 7.
- Fyuzi ya ampea 2, soketi zenye mpira.
- Risiti yenye tarehe. Muuzaji asiyetaka kuandika risiti anakuambia kitu.
- Gawanya bei yote kwa idadi ya usiku, ulinganishe na mafuta yako.

Kama uko kafe sasa hivi, prinki kurasa hizi mbili tatu uzipeleke mwaloni, maana wenye kuzihitaji wengi hawana muda wa kukaa mbele ya kompyuta. Na wewe unayevua au uliyewahi kuvua, iwe Geita, Musoma, Kigoma au pwani, tupe uzoefu wako hapo chini kwenye maoni: unatumia taa gani, betri yako imekaa usiku mangapi, na tajiri wako anakata shilingi ngapi. Matusi hayatapita, hesabu zitapita zote.

Naomba kuwasilisha.